Klabu za mikoani zinauza habari kwa bei ya butura

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukuta hapa mwenendo wa kahawa ya maganda, sangara, dagaa na ndizi. Leo tunaomba nafasi tuzungumzie bidhaa nyingine, ambayo mkoa wa Kagera umekuwa ukiizalisha kila mwaka ingawa haina mzani wala bei iliyobandikwa ukutani. Bidhaa hiyo ni habari za mpira wa miguu.

Asidhani mtu kwamba tunatania. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Azam Media ilitia saini na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) mkataba wa miaka 10 wa haki za kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya Sh. bilioni 225.6. Hiyo ni wastani wa Sh. bilioni 22.56 kwa mwaka. Hakuna mfanyabiashara anayetoa fedha za namna hiyo kwa ajili ya mapenzi tu. Amenunua kitu, na anatarajia kukiuza tena kwa faida.

Sokoni kuna misemo miwili inayogombana. Mmoja unasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa pili unasema biashara matangazo. Klabu nyingi za mikoani zimeushika ule wa kwanza: tucheze vizuri, magazeti yatatufuata yenyewe. Hoja yetu leo ni kwamba msemo huo umezitia hasara, na kwamba hasara hiyo haiishii kwa klabu. Inamfikia mwenye hoteli wa Bukoba, mwenye boti wa Muleba na mama lishe wa mwaloni Bumbire.

Klabu hizi zina mali ya kuuza kwenye vyombo vya habari, lakini zinaiuza kama mkulima anayeuza kahawa ikiwa bado maua. Wenyeji wa Kagera wanaijua biashara hiyo kwa jina la butura. Mwenye shamba ana shida ya fedha leo; mlanguzi anampa kidogo, na mavuno yakiiva hayawi yake tena. Serikali imekuwa ikipiga marufuku butura ya kahawa. Butura ya habari za soka haijapigwa marufuku na mtu, na wenye shamba wengi hawajui kama wameshauza.

REDIO ILIVYOGAWA WATEJA

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, msikilizaji wa Bumbire, kama wa Muleba mjini au wa Mtwara, alikuwa na kituo kimoja cha redio cha Tanzania Bara: Radio Tanzania Dar es Salaam. Sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary zilimfikisha uwanjani mtu ambaye hajawahi kuvuka ziwa kwenda Mwanza. Alichosikia zaidi ni mechi za mjini Dar es Salaam, na zaidi ya zote zile za Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936.

Matangazo hayo yalikuwa ya redio ya umma. Klabu mbili za Kariakoo zikapata nchi nzima kuwa soko lao. Mvuvi akawa Simba, jirani yake akawa Yanga, na watoto wao wakarithi. Mfanyabiashara ataelewa thamani ya jambo hilo: ni kama mwenye duka kukabidhiwa wateja wa nchi nzima kabla hajafungua mlango.

Klabu za mikoani nazo zilisikika, lakini kwa msimu. Tukuyu Stars ya Rungwe ilichukua ubingwa mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, Pamba ya Mwanza mwaka 1990. Majina yao yalipanda pamoja na kombe na kushuka pamoja nalo. Nyingine zilibebwa na mashirika ya umma, kama ilivyokuwa RTC Kagera, iliyobeba jina la kampuni ya biashara ya mkoa. Soko huria lilipoingia na mashirika hayo kufungwa au kubinafsishwa, timu za aina hiyo zilibaki bila mlipaji. Na kwa kuwa hazikuwa zimejijengea jina la kuuzika kwa mlipaji mwingine, hazikuwa na cha kuweka mezani. Pamba ilihangaika madaraja ya chini kwa muda mrefu, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2024 ikiitwa Pamba Jiji.

Magazeti ya binafsi yalipoongezeka, na Radio One na ITV zilipoanza mwaka 1994, wengi walitegemea kwamba klabu za mikoani sasa zitapata nafasi. Zilipata kidogo. Gazeti la binafsi linaishi kwa kuuzwa, na Simba na Yanga zinauza gazeti. Hatuna sababu ya kumlaumu mhariri kwa hilo. Naye ana karatasi na wino wa kulipia. Wa kuulizwa ni klabu ambayo haikumpelekea mhariri kitu kingine cha kuuza.

KARIAKOO WALIVYOGEUZA KELELE KUWA FEDHA

Tuangalie hesabu. Mwaka 2017 kampuni ya SportPesa iliidhamini Simba kwa mkataba wa miaka 5 wa takriban Sh. bilioni 4.96, yaani chini kidogo ya bilioni 1 kwa mwaka. Yanga ilipata Sh. bilioni 5.173 kwa muda huo huo. Mikataba hiyo ilipokwisha mwaka 2022, Simba ilitia saini na M-Bet mkataba wa miaka 5 uliotangazwa kuwa wa Sh. bilioni 26.1, ambayo ni bilioni 5.22 kwa mwaka. Yanga ilibaki na SportPesa kwa Sh. bilioni 12.335 za miaka 3, karibu bilioni 4.11 kwa mwaka. Bei ya Simba iliongezeka zaidi ya mara tano, na ya Yanga karibu mara nne, ndani ya miaka mitano. Ni mazao machache yaliyopanda hivyo katika kipindi hicho.

Kilichopandisha bei ni vitu viwili. Cha kwanza ni uwanjani: Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2019, na nchi ikaamini kwamba timu zetu zinaweza. Cha pili ni kazi ya maneno, na kazi hiyo ilifanywa kwa mpango.

Simba Day ilianza mwaka 2009. Yanga ikajibu kwa Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Ukizitazama kibiashara, sherehe hizo ni soko lililoundwa mahali ambapo hapakuwa na soko. Ligi haijaanza, hakuna pointi inayogombewa, lakini uwanja unajaa, jezi zinauzwa, wachezaji wapya wanatambulishwa, na magazeti na redio zinajazwa habari za klabu wiki nzima.

Pamoja na sherehe akaja msemaji. Haji Manara, aliyeshika nafasi hiyo Simba kuanzia mwaka 2015, alijulikana kuliko wachezaji wengi aliowasemea. Mwaka 2021 alihamia Yanga, na uhamisho wake ukaandikwa kama wa mshambuliaji. Simba baadaye ikamchukua Ahmed Ally kutoka Azam, na Yanga ikawa na Ali Kamwe. Klabu hizo sasa zinagombea wasemaji kama zinavyogombea wafungaji. Kelele nazo zina gharama yake: mwaka 2022 TFF ilimfungia Manara miaka 2 na kumtoza faini ya Sh. milioni 20.

Lakini tarakimu inayotakiwa kumshtua kiongozi wa klabu ya mkoani ni nyingine. Mwaka 2021 Yanga ilikubaliana na Azam Media mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh. bilioni 41 kwa ajili ya maudhui ya klabu hiyo peke yake. Haya si mashindano yenyewe, kwa kuwa ligi ilikuwa imeshauzwa na TFF. Ni mazoezi, safari, mahojiano na maisha ya kambini. Ukilinganisha na zile bilioni 225.6 za ligi nzima, masimulizi ya klabu moja yamepata thamani inayokaribia sehemu moja ya tano ya mechi zote za klabu zote. Vitu hivyo hivyo, mazoezi na safari na mahojiano, klabu nyingine huvitupa kila siku kama maganda ya ndizi.

Mwekezaji mdogo akitaka ushahidi mwingine, akumbuke Desemba 2017, wanachama wa Simba walipopitisha zabuni ya mfanyabiashara Mohammed Dewji ya Sh. bilioni 20, ambayo ilikuja kuhesabiwa kwa asilimia 49 ya hisa. Kwa hesabu hiyo klabu nzima ilithaminiwa kama Sh. bilioni 40.8. Klabu haikuwa na kiwanda wala meli. Sehemu kubwa ya thamani hiyo ilikuwa jina, na jina hilo limejengwa na kusemwa.

USHINDI ULIOUZWA NA WENGINE

Turudi Kagera. Timu ya Kagera Sugar, Wanankurukumbi, ni mali ya kiwanda cha sukari kilichoko Misenyi, na nyumbani kwake ni uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Tuorodheshe baadhi ya mavuno yake.

Tarehe 19 Mei 2018, Simba ilikuwa bingwa tayari na haijafungwa msimu mzima. Rais John Magufuli alikuwa uwanjani Dar es Salaam kukabidhi kombe. Kagera Sugar ikashinda 1-0 mbele ya Rais na mbele ya kamera zote za nchi. Msimu uliofuata, wa 2018/19, ikaifunga Simba nyumbani na ugenini. Januari 2020 ikaenda Dar es Salaam na kuichapa Yanga 3-0. Januari 2022 ikaifunga tena Simba 1-0 Kaitaba.

Klabu iliyofanya hayo ina bidhaa daraja la kwanza. Lakini kila mara habari kubwa ilikuwa kuanguka kwa wakubwa. Mjadala wa wiki ulikuwa Simba ina tatizo gani, au Yanga imekosea wapi kumchagua kocha. Kahawa ilikuwa ya Kagera, mnada ukafanyika Kariakoo, na bei ikabaki huko.

Klabu inayojiendesha kibiashara ingeshinda mara ya pili siku ya Jumatatu. Mfungaji angepita sokoni Bukoba na kwenye redio za mkoani kama Kasibante FM. Picha ya bao ingechapwa ikauzwa. Kampuni moja ya mabasi, au ya vinywaji, au chama cha ushirika, ingeombwa kulipia ukurasa wa pongezi wenye jina lake. Kama kuna mfanyabiashara wa Bukoba au Muleba aliyefuatwa na ombi la namna hiyo katika wiki zile, ukurasa huu utafurahi kusikia alivyojibu.

Haki itendeke hapa. Kiwanda cha Kagera kiliharibiwa katika vita vya 1978/79, kikafufuliwa chini ya mmiliki binafsi baada ya mwaka 2001, na kimebeba timu ya Ligi Kuu kwa takriban miongo miwili, wakati mikoa mingine haina hata timu moja. Wapenzi wa kandanda wa Kagera wana deni la shukrani. Lakini mlipaji anapokuwa mmoja na anajulikana, ofisi ya habari ya klabu haiulizwi imeingiza shilingi ngapi. Kazi yake inabaki kutangaza kwamba timu imewasili salama na wachezaji wote wana afya njema. Kiwanda kinauza sukari. Hakikuanzishwa kuuza habari.

Msimu wa 2024/25 ulipomalizika, Kagera Sugar ilishuka daraja. Hapo ndipo wafanyabiashara walipogundua kwamba na wao walikuwa wenye hisa bila cheti. Siku Simba au Yanga inapokuja Kaitaba kwa mechi ya ligi, vyumba vya wageni hujaa, bodaboda hazipumziki, nyama choma na senene huondoka. Timu ikishuka, siku hizo mbili za ligi zinafutika kwenye kalenda ya mji. Sukari itaendelea kuuzwa, lakini pengo la mji wa Bukoba halina wa kulijaza.

MGENI AKIANDIKA KWA NIABA YAKO

Watu wa Bumbire wana somo la zamani kuhusu mambo haya. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley aligombana na wenyeji wa kisiwa hicho, kisha akarudi miezi michache baadaye na bunduki na kuua watu. Safari yake ilikuwa imelipiwa na magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald la Marekani, na barua zake zilichapishwa humo. Kisiwa kikajulikana duniani. Wasomaji wa Uingereza wakabishana kama Stanley alikuwa na haki, wakitumia maneno ya Stanley mwenyewe. Mtu wa Bumbire hakupata safu hata moja.

Jambo la soka ni dogo mno kulinganisha na damu ile, lakini kanuni ya magazeti haijabadilika. Asiyepeleka habari zake ataandikwa hata hivyo, na atakayeandika atatafuta kinachomfaa yeye.

MDOMO BILA KAPU

Wapo watakaosema: basi tutafute msemaji mwenye maneno mengi, mambo yatakwisha. Hapana. Ruvu Shooting ya Pwani, timu ya jeshi isiyo na mashabiki wengi, ilikuwa na msemaji maarufu, Masau Bwire. Kwa tambo zake timu hiyo iliandikwa kuliko ukubwa wake. Alifanya kazi yake vizuri: aliwafungulia mlango. Lakini mlango ukifunguka lazima kuwe na kapu la kupokelea, yaani jezi za kuuza, tiketi, mdhamini, wanachama wanaolipa ada. Ruvu Shooting ilishuka daraja mwaka 2023. Tambo haziwezi kulipa mishahara.

Ipo pia njia ya bahasha. Kiongozi wa timu anampa mwandishi fedha ya nauli ili habari itoke. Tunasema wazi kwamba hiyo ndiyo butura yenyewe. Inanunua habari ya siku moja, inamharibu mwandishi, na kesho yake klabu haina kitu isipokuwa bahasha nyingine ya kutafuta. Mwandishi anayepelekewa taarifa sahihi, mapema, pamoja na picha nzuri, hahitaji bahasha. Anahitaji kujaza ukurasa kabla ya saa 12 jioni.

KALENDA YA MWEZI

Timu ya kisiwani haihitaji mabilioni kuanza. Bumbire na visiwa jirani vina vijana wengi, vina fedha taslimu ya kila siku, na vina vibanda umiza ambako mechi za Dar es Salaam na za Ulaya huangaliwa kwa kiingilio. Kwa maana nyingine, watu wa mwaloni wamekwisha kukubali kulipia mpira. Hawajaletewa mpira wao wenyewe ukiwa umefungashwa vizuri.

Na wana kalenda ambayo Dar es Salaam haina. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa hupumzika, wakiwa na fedha za siku za giza mfukoni na muda wa kutosha. Timu yenye akili ya biashara ingepanga mechi zake kubwa siku hizo, ikazitangaza redioni wiki mbili kabla, na kumwambia muuza soda na mwenye boti kwamba watu wataivuka bahari yetu hii tarehe fulani. Timu inayopanga mechi kwa mazoea tu itacheza mbele ya nyavu zilizoanikwa.

Mambo ya kufanya ni machache, na hayahitaji mtaalamu kutoka nje. Awepo mtu mmoja wa kusema, mwenye simu inayopokewa. Ratiba ya mwezi itoke mapema. Jioni ya mechi, kila redio ya mkoa na kila mwandishi aliyeko Bukoba apate matokeo, wafungaji, idadi ya watazamaji na mechi ijayo, pamoja na picha moja isiyo na giza. Watazamaji wahesabiwe kwa tiketi, si kwa macho. Na kumbukumbu zitunzwe, kwa sababu mdhamini atauliza za mwaka jana. Kanuni za leseni za klabu za CAF zinaitaka klabu iwe na ofisa habari. Anayeijaza nafasi hiyo kwa ajili ya karatasi tu amejinyima duka.

Simu za mkononi zimeshusha gharama. Zamani klabu ya mkoani ilihitaji huruma ya mhariri wa Dar es Salaam. Leo mtu mmoja mwenye simu na intaneti anaweza kuwafikia wana Kagera walioko Kampala, Dubai na London kabla gazeti halijachapwa. Hao nao ni wateja wa jezi. Nani amewauzia?

MNUNUZI AULIZE NINI

Tunawageukia wasomaji wetu wenye maduka, boti, nyumba za wageni na mashine za kukoboa. Tangazo kwenye timu ya nyumbani linaweza kuwa biashara nzuri, lakini si sadaka. Kabla ya kutoa fedha, ulizeni: Mechi ngapi za nyumbani, na tarehe zake ni zipi? Watu wangapi waliingia msimu uliopita, na ushahidi uko wapi? Jina langu litasikika redioni mara ngapi na litaonekana wapi? Fedha itaingia akaunti ya nani? Na timu ikishuka daraja au mechi ikihamishwa, nitarudishiwa nini? Klabu isiyoweza kujibu matano hayo haijawa tayari kuuza. Inayojibu, mpeni nafasi.

Klabu nazo zisimtegemee mnunuzi mmoja. Majirani zetu wa Kenya wameonja uchungu huo. Mwaka 2017 SuperSport ilivunja mkataba wake wa kuonyesha ligi yao, katika mvutano uliohusu kuongezwa kwa timu. Mwaka 2019 SportPesa, iliyokuwa ikidhamini Gor Mahia na AFC Leopards, ilijitoa baada ya mgogoro wa leseni na serikali. Klabu zenye majina makubwa zikabaki kupitisha kofia. Kwetu pia udhamini mkubwa umeegemea kampuni za kubahatisha, na biashara hiyo inategemea kodi na leseni, mambo ambayo hubadilika kwa kikao kimoja. Wanunuzi wadogo ishirini wa Bukoba, Muleba na visiwani hawatatoa bilioni, lakini hawataondoka wote siku moja.

Kuna pingamizi moja la mwisho, tena la haki: kwamba mashabiki wote wa Kagera ni wa Simba au Yanga, hivyo timu ya nyumbani haina mtu. Wanaosema hivyo wanachanganya mapenzi na mahudhurio. Mtu anaweza kunywa chai ya Rungwe na bado akatafuna kahawa ya Kagera. Ushabiki wa Kariakoo uliletwa na redio iliyosema kila wiki kwa miaka 40. Wa nyumbani utaletwa kwa njia hiyo hiyo, ukianza na mtu mmoja anayesema kila wiki bila kuacha.

Mwelekeo wa soko, kwa maoni yetu, ni huu. Haki za kuonyesha ligi zitaendelea kushikwa Dar es Salaam, na mkoa hauna nguvu ya kubadili hilo. Kinachobaki mikononi mwa klabu za mkoa ni majina yao, wachezaji wao, historia yao na siku zao za nyumbani. Kabla ya msimu ujao kuanza, klabu yoyote ya Kagera inayotaka fedha za wafanyabiashara ichape karatasi moja ya bei: bango uwanjani kiasi gani, jina kwenye jezi ya mazoezi kiasi gani, kutajwa redioni kiasi gani, mechi moja nzima kiasi gani. Ibandikwe kwenye lango la Kaitaba, kwenye chemba ya wafanyabiashara na kwenye mialo mikubwa. Wafanyabiashara nao waungane watano watano, wanunue mechi moja, wahesabu waliouza siku hiyo, kisha waamue kama wataongeza.

Karatasi hiyo haijatoka bado. Siku itakapotoka, ukurasa huu utaichapa hapa, kando ya bei ya kahawa na dagaa.